Darubini kwa Mfuko Mdogo: Maswali Yenu na Majibu

Maswali kuhusu darubini za kutazamia nyota yamekuwa mengi, nikaona niyajibu kwa mkupuo mmoja. Salamu zenu nimezipokea, maswali nimeyafupisha.

Ndugu mwandishi, nimeona darubini mtandaoni, imeandikwa inakuza mara 675, na bei yake naimudu. Ninunue? (Mwanza)

Hiyo 675 isikushawishi. Ukuzaji ni hesabu ya kugawanya tu: urefu wa fokasi ya darubini (umbali kutoka lenzi au kioo hadi pale mwanga unapokutana) kwa fokasi ya lenzi ndogo unayochungulia. Darubini yenye fokasi ya milimita 900 ukiitia lenzi yenye fokasi ya milimita 4 unapata mara 225. Muuzaji anakuwekea boksini kilenzi cha plastiki cha kuzidisha mara tatu, na 675 imepatikana. Hajadanganya hesabu. Ila hakukwambia kwamba utakachokiona ni doa hafifu linalotetemeka.

Uliza kipenyo cha lenzi au kioo cha mbele. Kikomo cha ukuzaji wenye faida ni kama mara mbili ya kipenyo kwa milimita, kwa hiyo darubini ya milimita 70 inaishia kwenye 140 hivi, na hapo hewa iwe imetulia. Kipenyo ndicho kinachokusanya mwanga: kioo cha milimita 130 hukusanya zaidi ya mara tatu ya lenzi ya 70. Mambo mengi mazuri ya angani yanaonekana kati ya mara 25 na 100. Galileo mwaka 1610 aliiona miezi minne ya Mshtarii kwa chombo kilichokuza mara 20 hivi.

Mimi ni mwanafunzi wa chuo Dodoma, likizo narudi kijijini kwa basi. Ipi inabebeka bila kunifilisi? (Dodoma)

Tafuta darubini ya kioo ya kuweka mezani, ile inayokaa juu ya kitako cha mbao kinachozunguka. Mtindo huo unaitwa wa Dobson, kwa jina la John Dobson, Mmarekani aliyekuwa akitengeneza darubini kwa vifaa vya bei rahisi na kuwaonyesha wapita njia wa San Francisco anga bila malipo. Uzuri wake ni kwamba fedha yako inaenda kwenye kioo, haiendi kwenye miguu mitatu ya bati inayoyumba ukiigusa.

Ninayoipendekeza kwanza ni Sky-Watcher Heritage 130P. Kioo chake ni milimita 130, fokasi 650, bomba lake linajikunja, uzito ni kama kilo 6, kwa hiyo unaipakata safari nzima. Usikubali iingie kwenye buti la basi. Bei yake Ulaya na Marekani huwa dola mia mbili na kitu, kabla ya usafiri na ushuru, na najua kwa mwanafunzi hiyo si hela ndogo. Ikikushinda, shuka kwenye ndugu zake wa milimita 114 au 100. Chini ya hapo kuna Celestron FirstScope ya milimita 76: kwa Mwezi na mafungu ya nyota inafaa, ila ukiikuza sana picha inavurugika.

Kuna mambo mawili ambayo wauzaji hawayasemi. Bomba la kujikunja liko wazi ubavuni, taa ya jirani inaingia. Kata manila nyeusi ulizungushie. Na barabara ya vumbi inaweza kuhamisha vioo kidogo, kwa hiyo jifunze kuvirudisha kwenye mstari kwa skrubu zake mapema, mchana, kabla hujafika kijijini na watu wamekusanyika.

Muuzaji ananisukuma ninunue yenye stendi ya ikweta, ina uzito wa kusawazisha na vishikio virefu. Anasema ndiyo ya wataalamu. Ni kweli? (Nairobi)

Stendi hiyo ni nzuri, lakini wewe unaishi pabaya kwake. Inafanya kazi kwa kuelekeza mhimili wake kwenye ncha ya anga, sambamba na mhimili wa Dunia, ili kishikio kimoja kitoshe kufuata nyota. Mhimili huo unainuliwa kwa nyuzi zinazolingana na latitudo yako. Mtu wa London anauinua nyuzi 51 na Nyota ya Kaskazini anaiona pale juu. Wewe Nairobi uko nyuzi moja na ushee kusini mwa ikweta: mhimili ulale karibu sawa na ardhi, Nyota ya Kaskazini iko chini ya upeo wako, na kwa upande wa kusini nyota iliyo karibu na ncha ni hafifu hata gizani. Isitoshe, kwenye stendi nyingi za bei ya chini ule uzito unagonga miguu unapoilaza kiasi hicho. Yaani kifaa chenye jina la ikweta ndicho kinachosumbua ikweta!

Chukua stendi ya kawaida ya juu-chini na kulia-kushoto. Dunia inazunguka, kwa hiyo utakuwa unaisukuma kidogo kidogo. Mwezi husogea upana wake mzima kila dakika mbili hivi. Utazoea usiku wa kwanza.

Assalam alaykum. Je, darubini ndogo inasaidia kutafuta mwezi mwandamo? (Unguja)

Waalaykum salaam. Inasaidia, na ya macho mawili inasaidia zaidi kwa sababu inaona eneo pana. Ngoja Jua lizame kabisa kwanza, wala usikimbilie, kisha pekua upeo wa magharibi. Mwezi ukiwa karibu sana na Jua, chini ya nyuzi 7 hivi, hakuna darubini ya nyumbani itakayokuonyesha. Kama kuuona kwa chombo kunatosha kutangaza Idi, hilo waulize masheikh.

Kwenye boksi la mwanangu kuna kichujio cha Jua cha kufunga kwenye lenzi ya kuchungulia. Ni salama? (Tanga)

Hapana, mama. Kitupe leo. Joto la Jua linakusanyika palepale kilipo, kikipasuka jicho limekwenda. Kichujio cha Jua hufungwa mbele ya darubini, kikiwa kimetengenezwa kwa kazi hiyo.

Lenzi zimeanza kuota nyuzi nyeupe ndani. Nifanyeje? (Mombasa)

Ni kuvu, maradhi ya pwani. Iliyo ndani ya lenzi usiifungue mwenyewe. Ili isienee, usifunike darubini ikiwa na umande. Iache ikauke ndani ya nyumba, kisha iweke kwenye chombo kinachofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya.

Nitaona rangi kama za picha za NASA? (Iringa)

Hapana. Wingu la gesi la Orioni utaliona la kijivu, kwa sababu jicho halikusanyi mwanga kwa saa nzima kama kamera. Ila pete za Zohali ni za kweli na zinaonekana, hata kwa mara 30. Na wewe wa Iringa una neema ambayo mtu wa Ulaya anaililia: Mei na Juni, anga ikiwa kavu, karibu na Msalaba wa Kusini kuna Omega Centauri, fungu la nyota milioni kadhaa. Kwa darubini ya milimita 114 linachambuka kuwa chembe za mwanga. Jirani yake, Alpha Centauri, inagawanyika kuwa nyota mbili.

Sina hata nusu ya fedha hizo. Nisubiri? (Kigoma)

Usisubiri. Nunua darubini ya macho mawili, 7x50 au 10x50: namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili kipenyo. Kilimia peke yake kitakurudishia gharama. Ukiwa dukani, tazama mnara au nguzo ya mbali kwa macho yote mawili. Ukiona nguzo mbili, au kichwa kikianza kuuma, mrudishie muuzaji ujaribu nyingine.