Muulize Mwalimu: Mbuzi wa Kibaigwa ni wa nani?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni dalali wa mahindi soko la Kibaigwa. Mwaka 2016 niliwekeana dau la mbuzi na mwenzangu wa mizani. Nilisema Hillary Clinton atamshinda Donald Trump. Kura zilipohesabiwa Clinton alikuwa na nyingi zaidi, lakini aliyeapishwa ni Trump. Mwenzangu akadai mbuzi wake, mimi nikagoma, na uchaguzi wa Marekani wa 2024 umeuamsha ubishi upya. Tusaidie. Kwenye nchi yenye vyama viwili vikubwa, mtu anashinda kwa lipi hasa? Pesa, maneno matamu, au bahati tu? – Dalali, Kibaigwa.

JIBU: Marahaba mwanangu. Mbuzi huyo mngemwacha azae, leo mngekuwa mnagombania zizi.

Nianzie mbali kidogo. Mwaka 1980 nilikuwa karani wa kituo cha kupigia kura katika kijiji kimoja cha Mpwapwa. Chama kilikuwa kimoja, lakini kwenye jimbo walishindanishwa wagombea wawili, mmoja akipewa alama ya jembe, mwingine nyumba, ili hata asiyejua kusoma asipotee. Wagombea walikuwa wakiliombea jembe. Kwa mkulima wa uwele, nyumba ni kitu cha kulala tu. Kituo chetu kilikuwa darasa la tatu, na pazia la kupigia kura lilikuwa kanga yangu mwenyewe, maana lililoletwa lilikuwa fupi, miguu na magoti yote nje.

Akaingia mzee mmoja, mgolole begani. Akaikodolea macho karatasi muda mrefu, mpaka foleni ikaanza kuguna. Kisha akasema kwa sauti, huku mimi nikimwonyesha kidole mdomoni anyamaze: "Huyu wa nyumba simjui. Wa jembe namjua, ndiyo maana simpi."

Wa jembe ndiye aliyekuwa mbunge wetu. Miaka mitano tulikuwa tukisubiri kisima. Alianguka, na jembe lake.

Nimesoma mengi juu ya uchaguzi tangu siku ile na sijapata maelezo yanayompita yule mzee. Wagombea wakiwa wawili, kura nyingi hazipigwi kwa mapenzi. Watu wanamhukumu aliyekalia kiti, na yule wa pili ni mlango wa kutokea. Vyama vikiwa kumi hasira hutawanyika; vikiwa viwili yote hupita mlango mmoja.

Tazama Ghana, wenzetu wa Afrika. Kwa miaka mingi sasa vyama viwili vikubwa, NDC na NPP, vinapokezana madaraka, na tangu 1992 hakuna chama kilichopewa vipindi vitatu mfululizo. Mwishoni mwa 2022 bei za vitu Ghana zilikuwa zimepanda kwa zaidi ya asilimia 50 ndani ya mwaka mmoja, na serikali ikasimamisha kulipa sehemu kubwa ya madeni yake ya nje. Desemba 2024 chama tawala cha NPP kikamsimamisha Mahamudu Bawumia, makamu wa rais, mtu ambaye kwa miaka yote hiyo ndiye aliyekuwa akiongoza timu ya uchumi. Hapo hata mimi na miwani yangu hii niliona mwisho wake. John Mahama wa NDC alipata zaidi ya asilimia 56, na Bawumia akampigia simu kumpongeza kabla matokeo rasmi hayajatangazwa.

Sasa hapa ndipo pana utamu. Ukilinganisha na 2020, Mahama aliongeza kura laki kadhaa tu. Ni Bawumia aliyepata pungufu ya karibu milioni 2 kuliko mgombea wa chama chake wa 2020. Wale watu wengi wao hawakuhamia kwa Mahama. Walibaki nyumbani.

Hili wewe unalijua bila kufundishwa. Shabiki wa Simba timu ikimuudhi, umewahi kumwona akivaa jezi ya Yanga? Hanunui tiketi, basi. Siku ya mechi utamkuta anapalilia. Mgombea anayejisifu kwamba amewashawishi wapinzani wake mara nyingi amepewa ushindi na watu waliobaki shambani.

Maneno matamu yanasaidia pale tu yanapogusa kidonda kilichopo tayari. Mwaka 1980 huo huo, wakati mimi nahangaika na kanga, Ronald Reagan aliwauliza Wamarekani kwenye mdahalo kama hali yao ilikuwa nzuri kuliko miaka minne iliyopita. Bei zilikuwa juu, na Wamarekani 52 walikuwa wameshikwa mateka Iran. Jimmy Carter, rais aliyekuwa madarakani na mtu mstaarabu kweli kweli (kwa maoni yangu), akabaki na kura 49 za wajumbe wanaomchagua rais (nitawaeleza mbele kidogo) dhidi ya 489 za Reagan. Mwaka ambao bei zimetulia, swali lile lile lingemrudia muulizaji. Pesa nazo usizipe uzito kupita kiasi. Clinton alitumia nyingi kuliko Trump mwaka 2016, na Kamala Harris naye 2024, na wote wawili walishindwa.

Haya, tuje kwenye mbuzi.

Chukua mfano wa soko lako. Tuseme wewe na mwenzako mnashindana nani ana mahindi, lakini hampimi kilo zote kwa pamoja. Mnapima lori kwa lori, na anayemzidi mwenzake hata kwa debe moja, lori zima ni lake. Kwenye lori moja unamzidi kwa magunia mia. Kwenye matatu anakuzidi kwa debe moja moja. Jioni wewe una mahindi mengi, yeye ana malori mengi, na tajiri anayenunua ananunua malori.

Marekani ndivyo walivyo. Kila jimbo lina idadi yake ya wajumbe, jumla 538, na anayefikisha 270 ndiye rais. Isipokuwa Maine na Nebraska, anayeongoza jimbo hata kwa kura moja anabeba wajumbe wote. Clinton alimzidi Trump kwa kura karibu milioni 2.9 nchi nzima, lakini California peke yake alimzidi kwa zaidi ya milioni 4. Lile ndilo lori la magunia mia. Michigan alipitwa kwa kura 10,704. Ukijumlisha na Wisconsin na Pennsylvania hazifiki 80,000. Uwanja wa Mkapa ukijaa, na wengine wakabaki nje getini, ndio hao walioamua.

Na huko ndiko wanakofia wagombea wa vyama vidogo na wasio na chama. Mwaka 1992 Ross Perot alipata karibu asilimia 19 ya kura zote na hakuambulia mjumbe hata mmoja. Kazi yao kubwa inakuwa kumpunguzia mtu. Florida mwaka 2000 George W. Bush alimshinda Al Gore kwa kura 537, wakati Ralph Nader wa chama kidogo cha Kijani alikuwa na zaidi ya 97,000 jimboni humo. Wafuasi wa Gore hawajamsamehe.

Kwa hiyo bahati ipo, siikatai. Lakini ni bahati ya debe la mwisho, baada ya watu wengi kuwa wameshaamua, au wameshaamua kutokwenda.

Ungesema "atapata kura nyingi," mbuzi angekuwa wako na ningekutetea mbele ya mtu yeyote. Barua yako inasema "atamshinda." Hakumshinda. Mpelekee mwenzako mbuzi wake, tena jike, maana amesubiri sana. Mkimchinja, mimi Jumapili huwa nipo.