Kwa nini vipepeo wa Van Gogh hawana anga

Ndugu yangu wa Ujiji, umeuliza kwa nini picha ya Van Gogh, mchoraji Mholanzi, ya mwaka 1889, yenye vipepeo wawili wa manjano katikati ya maua mekundu ya mipopi, haina anga, na kama kipepeo pale ni ishara ya kifo.

Anga haipo kwa sababu mchoraji amesogea karibu mno na mimea, namna aliyoizoea katika chapa za Kijapani, yaani picha zilizochapwa kwa vibao vya mbao, alizozikusanya kwa mamia. Na sisi tuliowahi kuinama pale Kibirizi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kuwatazama vipepeo wakifyonza unyevu mchangani tunajua kwamba wakati huo hata ziwa lenyewe husahaulika. Angalia pia jinsi mashina yanavyopanda kwa michirizi mirefu ya brashi, huku sehemu nyingine za turubai zikiachwa bila rangi, kiasi kwamba picha nzima inaonekana kuyumba kwa upepo.

Kuhusu kifo, mimi ningesema mageuzi. Kwa Wayunani neno moja lilitaja roho na kipepeo, na Van Gogh mwenyewe, katika barua aliyomwandikia mchoraji mwenzake Émile Bernard mwaka 1888, aliwaza kwamba huenda mchoraji naye hugeuka baada ya kufa, kama kiwavi anavyogeuka kipepeo, akaendelea na kazi yake katika nyota nyingine. Mpopi, ulio jamaa ya mmea wa kasumba, Ulaya huashiria usingizi, lakini hapa nadhani aliupenda zaidi kwa wekundu wake unaogombana na kijani cha majani.