Kwa Wadogo Zangu Mnaopandishwa Timu Kubwa

Jumamosi iliyopita, pale uwanja wa Sheikh Amri Abeid (uwanja uliopewa jina la mshairi, na huenda ndiyo maana kila anayeingia pale hupenda kusema), nilimtazama kijana wetu mmoja wa kikosi cha vijana akipewa maelekezo ya kuingia kwa mara ya kwanza katika mechi ya ligi. Kocha mkuu alikuwa amemshika bega, karatasi ya kona iko mkononi, anazungumza kwa kasi ya mpiga debe wa stendi. Kijana naye anatikisa kichwa kama mjusi juu ya ukuta. Alipoachiwa, nilimsogelea nikamwuliza kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, kwenye kona umeambiwa unamkaba nani?" Akanitazama kwa heshima zote, akajibu, "Ndiyo, mwalimu."

Jibu hilo ndilo lililonifanya nikae niandike haya. Tangu nitundike daluga na kuwa kocha msaidizi hapa Arusha, kila msimu naletewa wawili au watatu kutoka akademi, wenye miguu mizuri kuliko tuliyokuwa nayo sisi, na kila msimu wanafanya makosa yale yale kana kwamba wameyarithi pamoja na jezi. Nawapenda sana, lakini mnanichosha.

1. Vikinga ugoko vivaliwe kabla ya kwenda kupasha, si baada ya kuitwa. Hereni, bangili na mkufu viachwe kambini, kwa sababu kuvifunika kwa plasta hakukubaliki kisheria na mwamuzi wa akiba atakukagua. Msimu uliopita mmoja wenu alisimama pembeni ya uwanja akihangaika na hereni iliyokataa kutoka, kibao kimekwisha kuandikwa namba yake, na mtunza vifaa anamtemea mate sikioni ili iteleze. Mpira ulitoka nje mara mbili, hereni bado imo. Kocha akamwita mwingine. Kijana alirudi kukaa benchi akiwa na sikio jekundu, na hereni yenyewe ilitoka tulipofika kwenye basi.

2. Unapopasha nyuma ya goli, acha kutafuta watu wako jukwaani, mtazame beki utakayepambana naye: anageukia mguu upi, na amechoka kiasi gani. Kisha kumbuka kwamba mji huu uko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Sisi wa huku tunajidanganya kwamba hewa hii inawaumiza wageni kutoka Dar es Salaam peke yao. Nimeona mtoto wa Ngaramtoni, aliyekunywa hewa hii tangu kuzaliwa, anaingia dakika ya 70, anafukuza mipira mitatu ya kwanza ambayo hata simba asingeifikia, na dakika ya 74 ameshika magoti anatafuta pumzi. Mpira wa kwanza cheza rahisi, mrudishie aliyekupa.

3. Utaingilia kwenye mstari wa katikati, anayetoka akiwa amekwisha kutoka na mwamuzi amekuashiria. Tangu mwaka 2019 anayetoka hupitia mstari ulio karibu naye, kwa hiyo usisimame kungoja kugonganisha viganja na mtu ambaye ameshatokea upande wa pili. Na ninyi mawinga, mpira wa kurusha ukikufikia moja kwa moja hakuna kuotea. Acheni kurudi nyuma.

4. Kama hujasikia, sema hujasikia. Hili ndilo nililokusudia, na yote yaliyotangulia yalikuwa ni kukohoa kabla ya kusema.

Mechi yangu ya kwanza ya timu kubwa ilikuwa Moshi, uwanja wa Ushirika, nikiwa na miaka 19. Timu ilikuwa ya Arusha lakini mimi ni mtoto wa Kibosho, kwa hiyo ilikuwa safari ya nyumbani: takribani kilomita 80 za basi, kupitia Usa River na Boma Ng'ombe, na njia nzima sikuzungumza na mtu. Baba mdogo alikuwa ameteremka kutoka mlimani na watu wasiopungua kumi, wamevaa kama wanaokwenda kwenye kipaimara, na mmoja wao amebeba mkungu mzima wa ndizi mbivu ambao sijui alitarajia uliwe vipi mechi ikiendelea.

Tukiwa tunaongoza 1-0, dakika ya 78, winga wetu wa kulia alikamatwa na misuli. Wakati huo walioruhusiwa kuingia walikuwa 3 tu, na wawili walikwisha kuingia. (Leo sheria inaruhusu hadi 5, katika nafasi 3 za kusimamisha mchezo bila kuhesabu mapumziko, na hiyo ni sababu mojawapo ya ninyi kuonja ligi mapema kuliko sisi, ingawa mnadhani ni chenga zenu.) Mwalimu akanishika shingo akaniambia mambo manne. Matatu nayakumbuka hadi leo: nishuke kumsaidia namba mbili, yaani beki wa kulia, nisikate ndani, na tukipata faulo nisiharakishe kuipiga. La nne lilihusu kona. Alipokuwa analisema, baba mdogo aliniita kutoka jukwaani kwa jina la nyumbani, jina ambalo wachezaji wenzangu hawakulijua na ambalo sitaliandika hapa, nami akili yangu yote ikahamia kwenye kuwaza ni nani pale benchi amelisikia. Mwalimu akauliza, "Tumeelewana?" Nikasema, "Ndiyo, mwalimu."

Winga aliyetoka alikuwa mrefu, na kwenye kona za wapinzani yeye ndiye aliyemkaba beki wao namba tano, jitu lililokuwa na mabega kama kabati. Kila aliyecheza timu kubwa anajua kwamba anayeingia hurithi mtu wa anayetoka, isipokuwa ameambiwa vinginevyo. Mimi nilitoka kikosi cha vijana, ambako tulikaba eneo, si mtu, na mahali pangu pa kudumu palikuwa nguzo ya karibu. Dakika ya 83 wakapata kona, nami nikaenda nguzo ya karibu kwa uhakika wa mtu anayerudi chumbani kwake.

Nahodha akageuka, akapaza sauti, "Tano wa nani?" Nami, wadogo zangu, badala ya kunyamaza, nilipaza sauti kubwa kuliko yake, mkono nimeunyoosha kuwaelekea wenzangu kama askari wa barabarani: "Tano wa nani?" Mpira ukapigwa, ukapita juu ya kichwa changu, ukamkuta tano amesimama peke yake kama mlingoti wa bendera shule ikiwa imefungwa. Akaupiga kichwa kuelekea chini, na kipa hakusogea. Ikawa 1-1, na ndivyo ilivyokwisha.

Kama mambo yangeishia hapo, ningekuwa nalisimulia kosa hilo kwa kicheko tu. Vyumbani mwalimu alifunga mlango, akauliza swali lile lile la nahodha. Beki wetu wa kati, kaka mtu mzima mwenye watoto wawili, ndiye aliyekuwa karibu zaidi na tano mpira ulipoingia. Aliinua mkono nusu, akasema pengine yeye ndiye angepaswa kumwona. Mwalimu akammwagia yote aliyokuwa nayo kifuani. Mimi nilikuwa nimekaa mkabala naye, nimeinama, nafungua kamba za njumu ambazo nilikwisha kuzifungua. Maneno yaliyohitajika yalikuwa mawili, "Alikuwa wangu," na nilikuwa na muda wa kutosha kuyasema hata mara ishirini. Kwenye basi nilijifanya nimelala mpaka Usa River, mkungu wa ndizi wa baba mdogo uko miguuni pangu, wenzangu wanakula na kunisifu kwa ndugu wakarimu. Mechi iliyofuata beki yule alianzia benchi. Jina langu lilikuwamo tena katika orodha ya waliosafiri.

Nilikaa na jambo hilo siku 12. Alhamisi moja baada ya mazoezi nilimkuta anafua soksi zake bombani, nyuma ya chumba cha vifaa, nikamwambia, "Kaka, tano alikuwa wangu." Hakuacha kufua. Akasema, "Najua. Winga alipokuwa anatoka alinipitia akaniambia amekuachia wewe. Nilikuwa nangoja siku utakayosema." Sikumwuliza kwa nini basi aliinua mkono. Alinipa soksi moja nisuuze, tukamaliza, tukaenda pamoja kwa mwalimu, na kesho yake nikarudishwa kikosi cha vijana hadi mwisho wa mzunguko.

Kwa hiyo msinune ninapowashika jezi pale pembeni na kuwataka mnirudishie maelekezo kwa maneno yenu: unacheza wapi, kona yao unamkaba nani, kona yetu unapanda au unabaki. Kocha atafoka kwa sababu anapoteza sekunde kumi. Mwacheni afoke, ni kazi yake.

5. Simu. Mnapenda kunionyesha ndani ya basi lile bao la kichwa la Mbwana Samatta pale Wembley, Uingereza, mwaka 2020, mkiwa mmeshahesabu kilichobaki kati yenu na Wembley. Kabla ya hapo alipita African Lyon, Simba, TP Mazembe na Genk. Zimeni simu mlale, kuna mazoezi saa kumi na mbili asubuhi.

Na yule kijana wa Jumamosi? Nilimwuliza tena, akameza mate, akasema, "Sijasikia, mwalimu." Nikamrudisha kwa kocha mkuu, ambaye alitufokea wote wawili kisha akarudia maneno yake polepole: unamkaba namba nne. Aliingia, akapoteza mipira miwili, akatoa pasi moja safi sana. Kona hazikutokea kabisa katika dakika zile kumi na mbili, lakini hilo halikumzuia. Hata mpira ulipokuwa wa kurusha katikati ya uwanja, alikuwa amemganda namba nne wao, kamshika jezi, anatangaza kwa sauti iliyosikika hadi benchi letu, "Nne wangu! Nne wangu!" Namba nne mwenyewe alikuwa anacheka.