Ufa wa ngazi kwenye kona ya nyumba

Dada yangu wa Chumbageni, pole. Umesema ufa umeanzia kona ya dirisha, unashuka kama ngazi kwa kufuata viungo vya matofali, na mlango wa chumba siku hizi haufungi mpaka uusukume kwa bega. Hizo ni dalili za msingi kutitia upande mmoja. Lipu ikipasuka yenyewe tu, nyufa huwa nyembamba kama unywele na milango haisumbui.

Udongo wa mfinyanzi hufura masika, hunywea kiangazi, na msingi hufuata. Hebu toka nje uangalie kona hiyohiyo: maji ya bati yanaangukia wapi? Kwetu yalikuwa yamechimba kijishimo cha kuingia ngumi mguuni mwa ukuta, na fundi alishaziba ufa kwa saruji mara mbili. Ulirudi mara zote mbili. Ile hela iliniuma sana.

Kwa hiyo usizibe sasa. Chora alama mbili za penseli, moja kila upande wa ufa, andika tarehe, pima kwa rula kila wiki. Wakati huohuo weka gata, peleka maji mbali, kagua karo na mabomba. Ufa ukizidi milimita 5, au ukiendelea kupanuka, mwite mhandisi. Akisema msingi uongezewe chini, mafundi wachimbe kipande kifupi, kama mita 1, wamwage zege, likomae, ndipo wahamie kingine. Wakichimbua ukuta mzima kwa mpigo, unaweza kuwaangukia. Hilo usikubali kabisa, hata wakikwambia wana haraka.