Ukirudi darasani, nenda na maswali ya saiti

Mafundi umeme wengi tunaijua kanuni ya kufunga umeme kama tulivyoikuta chuoni. Leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji Tanzania, ikishapatikana, kitabu kinafungwa. Kanuni zenyewe hazikungoji. BS 7671, kitabu cha kanuni za kufunga umeme cha Uingereza, ambacho mengi tuliyofundishwa yametoka humo, kilifikia toleo la 18 mwaka 2018, kikarekebishwa 2020, 2022 na tena 2024. Mkaguzi aliyebaki na toleo la zamani anaweza kupitisha kazi yenye hatari, au kumkatalia fundi kazi aliyoifanya vizuri. Yote mawili nimeyashuhudia, na yote yanaumiza.

Kwa anayetafuta kozi fupi: usiichague kwa uzuri wa cheti. Kabla ya kulipa ada, muulize mkufunzi ni vifungu gani vimebadilika, na vimebadilika kwa nini. Akikwama kwenye sababu, tafuta mwingine. Kozi nilizosomewa slaidi tu hazikunibakizia kitu.

Chukua RCD, kile kifaa kinachokata umeme unapovuja. Wengi wetu tunatazama 30 mA, kiwango cha uvujaji kinachoifanya ikate, basi. Lakini kuna aina ya AC, inayohisi uvujaji wa mkondo wa AC wa kawaida peke yake, na kuna aina ya A, inayohisi pia mkondo unaopiga upande mmoja. Nyumba za leo zimejaa taa za LED, mashine za kufulia na majiko ya induksheni. Vifaa vyenye elektroniki vikivujisha, mkondo huo unaweza kuwa na DC, yaani mkondo wa upande mmoja, ndani yake, na RCD ya AC ikachelewa kukata au isikate kabisa. Ndiyo maana marekebisho ya 2022 yaliibana aina ya AC: itumike tu kwa vifaa vilivyofungwa moja kwa moja ambavyo inajulikana havitatoa DC. Tangu niielewe sababu hiyo, dukani nasoma alama iliyo usoni mwa kifaa kabla ya kuuliza bei. AC ina wimbi moja ndani ya kisanduku. A ina wimbi, na chini yake mapigo ya upande mmoja.

Wakaguzi, hili ni lenu zaidi. Kubonyeza kitufe cha T na kusikia RCD ikikata kunathibitisha kwamba mtambo wake wa ndani unafanya kazi. Hakusemi lolote kuhusu ethi, njia ya umeme kwenda ardhini, kwa sababu kitufe hicho hukata hata mahali ambapo ethi haipo kabisa. Pimeni ukinzani wa fimbo ya ethi iliyo ardhini. Kwa hesabu, volti 50, kikomo cha usalama, kugawa kwa ampea 0.03, yaani ile 30 mA, inatoa takribani omu 1,667, na wapo wanaoridhika na namba hiyo. Kanuni zenyewe zinatahadharisha kwamba ikizidi omu 200 ethi inaweza isitulie. Anayefanya kazi Dodoma anajua udongo unavyokauka kiangazi. Kipimo cha masika peke yake hakitoshi, kwa hiyo andikeni tarehe kwenye fomu.

Rangi za nyaya nazo. Uingereza ilizibadilisha mwaka 2004. Katika fezi tatu za zamani bluu ilikuwa fezi (waya wenye umeme) na nyeusi nyutro (waya wa kurudisha). Sasa bluu ndiyo nyutro na nyeusi ni fezi. Jengo la zamani likiongezewa vyumba, rangi za zamani na mpya hukutana kwenye bodi moja, na fundi anayeamini macho yake anaweza kufa. Pima kila waya, kisha bandika onyo kwenye bodi kwa ajili ya atakayefuata.

Ningependa sana fundi na mkaguzi wakae darasa moja. Ubishi wa saiti ukipelekwa mbele ya kitabu, kila mmoja ataona mwenzake anahofia nini. Basi piga picha za bodi zinazokusumbua, andika vipimo vyake, uende navyo. Omba siku nzima ya kupima kwa mega (kipima insulesheni ya nyaya) na kipima ethi, hata kama ratiba ya kozi imeipa saa moja.