Kwa vijana mnaoanza kutembeza wageni Mji Mkongwe

Hongereni kwa leseni, sasa sikilizeni. Wengi wenu mmekariri miaka mpaka basi, 1698 Wareno wametimuliwa, 1840 Seyyid Said kahamishia makao Unguja kutoka Maskati, 1964 mapinduzi, afu mnaimwaga yote pale Forodhani kwa pumzi moja na mgeni wa watu jua linamchoma anatikisa kichwa tu. Kila habari ina pahala pake bana.

Vita vya 1896 mwambie mkiwa mnaitazama bahari, mwoneshe upande ule zilipojipanga manowari za Waingereza, saa tatu asubuhi mizinga ikaanza na kabla ya saa nne kila kitu kimekwisha. Mwenyewe atauliza ilikuwaje, hapo ndo unamleta Seyyid Khalid aliyekalia kiti cha usultani bila Waingereza kuridhia, na alivyokimbilia kwa konseli wa Wajerumani. Ukianza na Khalid kabla hajauliza umemkosa.

Mkunazini pale kanisani ni habari nyengine. Soko la watumwa lilifungwa 1873, kanisa likajengwa palepale, na chumvi haihitajiki hata chembe. Msichekeshe watu pale. Wageni wengine ni Wamarekani weusi na wamefunga safari kwa ajili ya pale tu, muache asimame anavyotaka, ratiba itasubiri. Akitokea mwengine anajipiga selfi anacheka mbele ya zile sanamu zenye minyororo shingoni, mkatazeni kistaarabu.

Milango nayo, wa juu duara ni mtindo wa Kihindi, ulionyooka wa Kiarabu, mwisho. Ile ya misumari kuzuia tembo wasivunje mlango mnaisimulia mpaka mgeni anauliza tembo wa Unguja wako wapi, nyie mnaanza kubabaika! Desturi ilitoka Bara Hindi, huku kwetu ni pambo na kuonesha uwezo, semeni hivyo.

Wakitaka ufukwe ulizeni kwanza wanataka kufanya nini. Paje na Jambiani maji yakitoka yanatoka kweli, bamvua, yale maji makuu ya mwezi mpevu na mwezi mchanga, ndo usiseme, mtu kalipa hela zake anakuta mchanga na kina mama wa mwani. Wa kuogelea kutwa mpelekeni Nungwi au Kendwa.

Na bei itajeni kabla hamjatoka hotelini, viingilio vimo au havimo, msimwachie agundue mlangoni.