Kiti hakisomi mawazo: kwa wanaoanza mradi wa mawimbi ya ubongo

Wiki hii nimesikiliza mawasilisho ya kundi jipya, na slaidi ya kwanza kabisa imeandikwa "kiti kinachosoma mawazo", yaani kiti cha magurudumu kinachoendeshwa kwa ishara za ubongo. Wadogo zangu, nawapenda, na najua mnavyohangaika kupata elektrodi (vipande vya kunasa umeme wa mwili) za maana hapa Mtwara. Lakini sentensi hiyo huja na kila kundi. Naisahihisha kwa mdomo, mwaka unaofuata inarudi. Safari hii naiandika.

1. Kiti hakisomi mawazo. Kinapima umeme kwenye ngozi ya kichwa, basi. Daktari Hans Berger alipoyarekodi mawimbi ya ubongo kwa binadamu kwa mara ya kwanza, mwaka 1924 kule Jena, Ujerumani, alikuwa na hamu ya kujua kama fikra zinaweza kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Alichopata ni mistari inayopanda na kushuka. Ishara ya ubongo ikifika kwenye ngozi ni mikrovolti (sehemu za milioni za volti) 10 hadi 100 hivi. Mtu akikaza taya, misuli inaifunika. Kupepesa macho, jasho la Desemba, waya wa umeme wa hezi 50 uliopita ukutani, vyote vinaingia humo humo.

Kundi moja la nyuma lilipeleka kiti Mikindani kwa kijana aliyeanguka kutoka juu ya mnazi akaumia shingo. Kifaa cha kichwani kilikuwa na elektrodi moja ya kwenye paji la uso: namba ya "umakini" ikivuka kizingiti, yaani kiwango kilichowekwa, kiti kinakwenda mbele. Asubuhi kiti kiligoma. Wageni wameshakaa mkekani, mama wa nyumba ameshatoa chai, kila mtu anasubiri. Mmoja wa wanafunzi akafungua laptopu akashusha kizingiti kutoka 70 hadi 45. Kiti kikaenda, vigelegele vikapigwa. Mchana, wakati wanakunja nyaya, mpwa mdogo wa yule kijana akapita mbele akiigiza mwendo wa kiti, na kijana akaangua kicheko. Kiti kikachomoka, kikagonga jiko la mkaa lenye sufuria ya maharage, na maji ya moto yakammwagikia mtoto mguuni.

Mtoto alipona, kovu analo. Kilichoumiza kwa muda mrefu zaidi ni swali. Mwanafunzi mmoja, kwa kuchanganyikiwa, alimuuliza yule kijana: "Kwani kaka ulikuwa unawaza nini?"

Asubuhi walimwambia kiti kinafuata mawazo yake. Sasa kimemwendea mpwa wake. Akaanza kujipekua: labda moyoni namwonea mtoto kijicho kwa sababu yeye anakimbia. Akawa hali vizuri, na mtoto akija kumsalimia anageuza uso. Shehe wa mtaa akaja kumtuliza, akamwambia mtu haandikiwi dhambi kwa wazo lililompitia maadamu hajalitenda. Akajibu: "Shehe, lakini kiti si kimetenda?"

Nilikuwepo, nimekwenda na laptopu ya mradi. Nikafungua logi, yaani kumbukumbu ya kila kilichotokea kwenye kiti, mbele ya wote. Nikamwonyesha sekunde ya ajali: mlipuko wa ishara nene za kasi, ndivyo taya na mashavu ya mtu anayecheka yanavyoonekana. Kisha nikapanda juu hadi mstari wa saa nne asubuhi, pale kizingiti kiliposhushwa. Mama yake akauliza, "Kwa hiyo mwanangu alicheka tu?" Ndiyo, mama. Alicheka tu.

Aliyeshusha kizingiti ili wageni wasiondoke bure ndiye aliyepaswa kuwa pale badala yangu. Hakukusudia ubaya, namjua, ni kijana mwema. Lakini namba ile aliiandika yeye kwa mkono wake, na mzigo wake ukabebwa na mtu asiyejua hata neno kizingiti. Anayegusa namba aandike jina lake, saa na sababu. Msimuulize mtumiaji alikuwa anawaza nini kabla hamjafungua logi.

2. Wapo wanaonitajia jaribio la 1983 la Benjamin Libet, mtafiti wa ubongo wa Marekani: ubongo huanza kujiandaa karibu nusu sekunde kabla ya mkono kusogea, na mtu huhisi nia yake baadaye, mnamo sehemu 200 za elfu za sekunde kabla ya tendo. Eti basi hakuna anayewajibika. Someni hadi mwisho. Libet mwenyewe alishikilia kuwa katika kile kipande kidogo kinachobaki mtu anaweza kujizuia. Kila mmoja wetu anaishi kwa kipande hicho. Ndicho kinachotufanya tusimpige kila anayetuudhi. Kiti chenu kikiondoka papo hapo ishara inapovuka mstari, mmemnyang'anya mtu nafasi ya kusema hapana. Wekeni uthibitisho wa pili na kitufe cha kuzima ambacho msaidizi anakifikia.

3. Msimgeuze mtumiaji kuwa mtoto pia. Yule kijana sasa anatumia jostiki ya kidevu, kijiti cha kuongozea kiti (kama kidevu kinafanya kazi, anzeni na kidevu, achaneni na fahari ya ubongo). Aligonga ndoo ya jirani ikapasuka. Jirani akasema yaishe, yeye akakataa, akalipa ndoo. Alifurahi kulipa. Kosa lilikuwa lake, na alijua ni lake.

4. Rekodi za ubongo msizipandishe kwenye akaunti za bure za mtandaoni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu Mei 2023, na mwaka huo huo Mahakama ya Juu ya Chile iliiamuru kampuni ya Emotiv, inayouza vifaa vya kupima mawimbi ya ubongo, ifute data za ubongo za seneta wa zamani Guido Girardi.

5. Mwenye msuko asifumuliwe kwa ajili ya elektrodi. Tafuteni njia ya msuko, wekeni jeli hapo.

6. Zaidi ya watu 300 duniani waliwekewa jicho la bandia la Argus II, kifaa cha umeme kinachopandikizwa ili kipofu aone kidogo. Kampuni ikayumba kifedha, ikaacha kulihudumia, na wengine likawazimikia wakiwa nalo mwilini. Ninyi mtamaliza chuo, wengi mtahamia Dar, na kiti kitabaki kwa watu. Ripoti isiyotaja nani atapigiwa simu kikiharibika, na nani atakuja kukichukua kikishindikana, siisaini.